Afande Nywele

Kabla sijalieleza wigi lenyewe, yafaa nieleze harufu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitangulia mlangoni. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele yaliyochacha, ya jasho la vichwa vya watu wasio ndugu, na ya kitu cha tatu ambacho kwa muda mrefu sikukipatia jina, hadi nilipofunua sufuria niliyokuwa nimeiloweka na kuisahau, nikasema moyoni: ndiyo hii hii. Dada yangu, aliyelazimika kulivaa, alisema harufu hiyo haikuishia puani. Ilishuka hadi kooni, ikaketi pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Dada yangu ni sajini wa polisi. Sehemu kubwa ya utumishi wake ameifanya kaunta, yaani pale mbele ya kituo ambapo mwananchi anayeingia humkuta mtu wa kwanza wa kumsikiliza. Askari wengi huihesabu kaunta kuwa adhabu. Yeye aliipenda. Aliwapenda waliopoteza vitambulisho, waliogombania ukuta na jirani, na hasa wanawake waliokuja wameficha shavu kwa upande wa kanga au mtandio, wakajifanya wanaulizia njia. Hao alijua kuwavuta taratibu, bila haraka, hadi wakaketi. Nadhani, ingawa mimi si mtu wa kuaminika sana ninapowasifu ndugu zangu, kwamba kituo kizima hakikuwa na mwingine aliyejua kazi hiyo kama yeye.

Kuhusu nywele za askari, yeye ndiye aliyenifungua macho. Zamani niliamini kwamba askari hunyoa kwa sababu ameamriwa, basi. Alinicheka. "Msomi wangu," alisema, maana hivyo ndivyo anavyoniita anapotaka kunikumbusha kwamba shahada haijui kila kitu, "kila kichwa unachokiona pale kina sababu yake." Yeye mwenyewe alisuka mistari myembamba iliyolala hadi kisogoni, kwa kuwa katika ghasia za soko aliwahi kumwona mwenzake akikokotwa kwa misuko yake kama mbuzi wa kamba. Wanaume wengi walinyoa karibu na ngozi ili kofia isitembee kichwani wanapokimbia. Mpelelezi wao alifuga nywele chafu, zilizosokotana, ili achanganyike na wezi. Na wezi wote walimjua, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine mjini mwenye nywele za jalalani na viatu vinavyong'aa vile. Na mkuu wa kituo, ambaye utosi wake ulikuwa umebaki wazi kitambo, alizivuta nywele chache za juu ya sikio moja hadi la pili, akazigandisha kwa mafuta mazito. Akivua kofia, utepe wa ndani ulikuwa mweusi unaonata, na mtu aliyesimama karibu alirudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini.

Ni mkuu huyo aliyelileta wigi. Ilikuwa zamu ya askari wote kupigwa picha mpya za vitambulisho, naye alisema vichwa vya wanawake wa kituo chake vimekuwa kama meza za sokoni, kila mmoja na bidhaa zake. Alitaka kichwa kimoja. Wigi lilikuwa jeusi, limekatwa usawa wa masikio, na juu ya sikio la kushoto lilikuwa na kishungi kilichokataa kulala. Wanawake walipanga foleni, wakalipokezana likiwa bado na joto la aliyetangulia. Picha zikabandikwa ukutani kwenye ujia: sura mbalimbali, nywele zile zile, kishungi kile kile. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kama wale ni watoto wa baba mmoja.

Baada ya picha, wigi likawa la ukaguzi, la mahakamani na la kupokea wageni. Lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, nao wakalipa cheo. Kila aliyeingia asubuhi alibana visigino na kulipigia saluti.

"Afande Nywele, umeamkaje?"

"Hajaamka vizuri. Mtazame alivyovimba."

"Ni wewe uliyemlowesha jana. Una kichwa kinachotoa jasho kama chupa ya maji baridi."

"Na wewe je? Umemwachia mba hadi anaonekana mzee."

Waliwahi kulifua kwa sabuni. Lilivimba kama paka aliyeona mbwa, mkuu akafoka, akapiga marufuku kulitia maji tena. Basi likabaki hivyo, likikusanya. Ndani yake, kwenye kitambaa cha wavu, kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na ukiupitishia kidole uliinuka kama ngozi ya maharage. Dada alinieleza hili tukiwa mezani, nikasogeza sahani. Hakuomba radhi.

Muwasho ulianza nyuma ya sikio. Kisha kikaja kiduara chenye magamba, kisha cha pili kikakutana na cha kwanza, katikati nywele zikakatika. Ni mapunye, ugonjwa ambao sote tunauhusisha na watoto wadogo wa shule ambao hakuna anayewaogesha. Kila mwanamke wa kituo kile alikuwa nayo, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake. Walijikuna kwa vifuniko vya kalamu, wakiwa wamegeukia ukuta. Ukimya ule, kwa kadiri ninavyoelewa, haukuwa upumbavu. Mtu anayetakiwa kumwamuru mlevi mwenye chupa mkononi akae chini hawezi kujulikana kuwa na ugonjwa wa watoto wa chekechea.

Alasiri moja dada alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akanipa mashine ya kunyolea.

"Ninyoe. Zote."

"Kwa nini usiende kwa kinyozi?"

"Kinyozi ana mdomo."

Nikanyoa. Ningependa kusema kwamba nilifanya kwa upendo, na huenda upendo ulikuwapo, lakini nilichokihisi wazi ni kinyaa. Mistari ile mizuri ilitoka ikiwa imeshikamana na maganda ya njano, na chini yake ngozi ilikuwa mbichi, inayong'aa, inayotoa maji. Mikono yangu ilitaka kukimbia na kuniacha pale. Dada aliinamisha kichwa, akasema, "Pumua kwa mdomo. Ndivyo tunavyofanya kwenye maiti." Nilipomaliza nikampaka dawa ya zambarau, ile inayotia doa kila kitu, na tangu siku hiyo nikawa ninampaka kila alipopita, kwa kuwa hakuweza kuona kisogo chake.

Mama yetu alipomwona aliketi kitako. "Wewe ni askari au mfungwa?"

"Askari, mama."

"Basi waambie wakupe na nywele, si sare tu."

Mtaani walikuwa na maelezo yao. Niliyasikia nikiwa chini ya shuka la kinyozi wangu, nusu ya kichwa imenyolewa, sina pa kwenda. "Yule sajini amekula kiapo," alisema mteja mmoja, "hatafuga nywele mpaka amfunge mtu fulani." Mwingine akasema hapana, anatafuta uanaume. "Mwanamke akinyoa namna ile," kinyozi akahitimisha, mashine ikinguruma sikioni mwangu, "hata mumewe huomba ruhusa ya kukohoa."

"Hana mume yule."

"Si umeona sasa?"

Wakacheka. Mimi nilitazama shuka. Ningeweza kusema neno, lakini neno lenyewe lilikuwa mapunye, nalo halikuwa langu kulitoa.

Wakamwita Kipara. Mwanzoni jina lilimnufaisha: walevi walisimama wima mbele yake, na vijana waliokuwa wakizungusha maneno waliyanyoosha. Sitaficha kwamba alilifurahia kidogo. Kisha akaja mwanamke mmoja aliyepasuka mdomo, kiganja kimeufunika. Akafika kaunta, akainua macho hadi kwenye kile kichwa, akamgeukia koplo aliyekuwa pembeni.

"Hakuna mwingine?"

"Mwingine wa nini?" koplo akauliza.

"Basi nitarudi," akasema, akatoka.

Dada alinisimulia haya akiwa amenipa kisogo, nami ninampaka dawa. Alirudia mara kadhaa: hakuna mwingine, hakuna mwingine. Bega lake lilikuwa gumu kama ubao.

Haikuchukua muda, wakazi wachache wakaenda kwa mkuu kulalamika. Akamwita.

"Sajini, wananchi wanasema unawatisha."

"Nimewafanya nini, afande?"

"Hujawafanya kitu. Ndiyo maana nasema ni kichwa."

"Afande, kichwa changu kina tatizo la kiafya."

"Tatizo gani?"

Hapo dada akanyamaza. Angelitaja, wenzake wote wangepangwa mstari na kukaguliwa vichwa kama watoto wa shule, na kabla ya jua kuzama mji mzima ungekuwa unaimba.

"Tatizo lisilo na jina si tatizo," mkuu akasema, akilaza kwa kiganja zile nywele zake za kuazimwa kutoka sikioni. "Kuanzia kesho unakaa kaunta na nywele, au unakwenda ghalani ukakae na baiskeli."

"Niruhusu basi ninunue langu, afande. Jipya."

"La kituo ndilo lililo kwenye picha. Nataka mwananchi akikuona akujue."

Ghala alilolitaja ni lile la vielelezo vya kesi, nyuma ya uwanja, palipojaa baiskeli zilizoibwa, mapanga yenye vitambulisho vya karatasi na godoro moja lenye doa ambalo hakuna aliyetaka kulieleza. Mwananchi hafiki huko. Mwanamke aliyepasuka mdomo akirudi, hatamkuta. Kwa sababu hiyo, na nadhani kwa sababu hiyo tu, dada yangu alichagua wigi.

Asubuhi alijipaka dawa mwenyewe kwa kupapasa, akavaa mfuko wa plastiki kichwani kama kofia ya kuogea, juu yake akalishusha Afande Nywele, juu yake tena kofia ya sare. Kabla ya saa ya chai mfuko ulikuwa umeanza kujaa jasho. Alisikia maji ya moto yakitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine kila alipogeuza shingo. Muwasho ulikuwa mkali kiasi kwamba alibana vidole vya miguu ndani ya viatu ili asiinue mkono.

Na wananchi wakamfurahia. Hilo ndilo lililomchefua kuliko harufu. Sura ilikuwa ile ile, sauti ile ile, makovu ya mkono yale yale, lakini hakuna aliyemtambua. Walimwamkia. Mzee mmoja alimwambia kituo kina bahati kupata mama mwenye huruma, maana yule Kipara, alisema akishusha sauti, aliwahi kumng'ata mtuhumiwa. Muuza mkaa akaongeza kwamba Kipara hunywa pombe kali asubuhi, na kwamba amemwona kwa macho yake. Dada aliandika shida zao, mmoja baada ya mwingine, huku akisikiliza habari zake mwenyewe kama mtu aliyehudhuria msiba wake.

Mchana, yule mwanamke akarudi. Kidonda cha mdomo kilikuwa kimefunga, kipya kimefunguka kando yake. Akachungulia kwanza kutoka mlangoni.

"Yule wa kipara yuko?"

"Yuko likizo," dada akasema.

"Afadhali. Leo nimekuta mtu."

Dada akamwachia koplo kaunta, akampeleka kwenye chumba kidogo cha kuandikia maelezo, chenye meza moja, viti viwili na dirisha lisilofunguka. Joto lilikuwa la kupikia. Mwanamke alianza kwa kuzunguka, akaeleza ukoo wa mumewe, kazi ya mumewe, hasira za mama mkwe. Kila alipofika karibu na jambo lenyewe aligeuza njia. Dada hakumharakisha. Maji ndani ya mfuko yalikuwa yamefika ukingoni.

Kisha mwanamke akamkazia macho.

"Dada, unavuja."

Tone la zambarau lilikuwa limetoka chini ya wigi, likapita kwenye shavu, likaingia kwenye ukosi wa shati. La pili likafuata. Dada akainua kitambaa ajifute, wigi likasogea, na pale juu ya sikio pakaonekana ngozi tupu, nyekundu, yenye ukingo wa magamba.

Mwanamke hakurudi nyuma. Alivua mtandio wake polepole. Upande wa kichwa chake kulikuwa na uwazi wa ukubwa wa kiganja, nywele zikiwa zimeng'olewa na mizizi yake.

"Na wewe anakupiga?" akauliza.

Dada aliniambia kwamba jibu la ndiyo lilikuwa tayari ulimini, tena tamu. Lingemaliza kazi pale pale. Mwanamke angemwaga yote. "Lakini yeye alikuwa anakaribia kuniambia kweli," alisema, "halafu mimi nimlipe uongo, tena nikiwa nimevaa uongo kichwani?"

Akavua kofia. Akavua wigi, likatoka kwa sauti ya kunyonya, kama mguu unaotoka topeni. Akavua mfuko, na maji ya zambarau yakamwagika mabegani, yakatiririka hadi mezani. Chumba kikajaa ile harufu.

Kiti cha mwanamke kikagonga ukuta. "Ni wewe!"

"Ni mimi. Likizo imekwisha."

"Wewe ndiye unayeng'ata watu?"

"Sijawahi kumng'ata mtu, mdogo wangu. Na hakuna anayenipiga. Haya ni mapunye. Nimeyatoa humu." Akaliinua wigi kwa ncha ya kalamu.

Mwanamke alilitazama wigi, akatazama kile kichwa, akaziba pua. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mapunye," akasema. "Afande mzima, na nyota zako!"

"Sina nyota, nina mistari ya sajini tu. Lakini mapunye ninayo."

Alicheka hadi kidonda cha mdomo kikapasuka, akawa anacheka na kujifuta damu kwa mtandio. "Basi liweke mbali," akasema, "nitatapika." Dada akalitupa pembeni, sakafuni. Ndipo mwanamke akavuta kiti, akaegemeza viwiko katikati ya yale maji ya zambarau, akasema kila kitu: mkono uliotumika, mlango uliofungwa, jirani aliyesikia na kuongeza sauti ya redio. Dada akaandika.

Walikuwa karibu kumaliza mkuu alipofungua mlango bila kubisha. Harufu ilimpiga kwanza. Akaziba pua kwa kofia yake mwenyewe, jambo ambalo sidhani lilimsaidia.

"Sajini! Nilisema nini?"

"Naandika maelezo, afande."

"Bila nywele?"

"Kalamu ninayo, afande."

Mwanamke hakusaidia hali, alicheka tena. Mkuu akawa mwekundu hadi kwenye ile mistari michache ya utosini. "Ukimaliza, kabidhi kaunta. Ghalani. Leo hii."

Dada alimaliza. Mwanamke akaweka sahihi. Kisha dada akakabidhi kaunta kwa koplo, akaliokota wigi, akavuka uwanja akiwa amelishika kwa vidole viwili, askari wengine wakimpisha.

Sasa, ghala lile lina kanuni ambayo mkuu mwenyewe aliitunga, baada ya simu fulani nzuri kupotea humo: kitu chochote kikishatiwa lakiri na kitambulisho, hakitoki bila amri ya hakimu, hata kama anayekitaka ni mkuu wa kituo. Dada alilisukumiza wigi ndani ya kopo tupu la rangi, akabana kifuniko, akatia lakiri, akafunga kitambulisho. Akaliweka rafu ya juu kabisa, kati ya panga na redio isiyo na mwenyewe.

Ukaguzi ulipokaribia, mkuu alikuja hadi mlangoni.

"Sajini, toa kile kitu."

"Kiko chini ya lakiri, afande."

"Kwa kesi gani?"

"Ya kuambukiza, afande. Uchunguzi unaendelea. Kama afande anakihitaji, nitamwandikia hakimu, nimweleze kilivyotumika na kwa amri ya nani."

Mkuu aliinua mkono, akazipapasa nywele zake, kama mtu anayehakikisha kwamba zake bado hazijakamatwa. Akaondoka.

Siku ya ukaguzi wanawake wa kituo walisimama na vichwa vyao wenyewe. Kufikia hapo wengi walikuwa wamejua siri ya wenzao, maana koplo aliyefuta yale maji ya zambarau mezani alikuwa na maswali, na majibu yakazunguka kituo kizima. Kadhaa walikuwa wamenyoa, ngozi zao zina madoa ya zambarau. Mkubwa aliyekuja kutoka makao makuu alipita mbele yao kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari. Hakuinua macho. Alikagua viatu. Dada aliponisimulia hilo alitema mate nje ya dirisha langu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Muda wote wa kile kinyaa, vichwa vyote vile, na aliyekusudiwa kupendezwa hakuwa akitazama.

Hakurudishwa kaunta. Sijui kama atarudishwa, na ninapoandika haya sina hakika kama nimemtetea au nimemvua kofia mbele ya watu kwa mara nyingine, ingawa yeye amenipa ruhusa, tena kwa kejeli: "Andika, msomi, angalau mapunye yangu yapate elimu." Ninachojua ni kwamba yule mwanamke alikwenda kaunta kuulizia kesi yake, akamkuta koplo, akauliza, "Yule wa kipara yuko wapi?" Alipoelekezwa, akazunguka uwanja mzima hadi kwenye dirisha la ghala, akaongea na dada kupitia nondo, kati ya magurudumu ya baiskeli. Mumewe ameitwa mahakamani. Mara ya pili alikuja na jirani yake, ambaye naye alikuwa amefunika shavu.

Nilimtembelea dada huko juzi. Kichwa kimepona, ngozi ni laini, nywele fupi zimeanza kuchomoza sawasawa, bila kiduara hata kimoja. Nikamuuliza kama sasa atazifuga, asuke mistari yake ya zamani. Aliinua kidole kuelekea rafu ya juu. Kopo lilikuwa pale, lakiri yake nzima, lakini chini ya kifuniko mafuta yalikuwa yamepenya, yakashuka ubavuni hadi kwenye ubao, na pale yalipofika vumbi lilikuwa limegeuka jeusi. Harufu ilikuwa ile ile.

"Ninyoe tena Jumapili," akasema. "Ngoja kwanza lile life."